UZI: Kufuatilia kikao cha Bunge la Kaunti bila kupitwa na karatasi muhimu

MezaniKwaKarani (mwanzisha uzi)

Wadau, kila mabunge ya kaunti yanaporejea kutoka mapumzikoni, gumzo mitandaoni huwa ni nani kamrushia nani maneno na nani katolewa ukumbini. Wakati huohuo karatasi inayoamua kama zahanati ya wadi itaezekwa au la inapita mezani kwa dakika mbili na hakuna anayeitaja. Tuweke hapa namna ya kusoma shughuli za kikao, na hasa pale mambo yanapoharibika. Nazungumzia kaunti zote 47 za Kenya kwa jumla. Kanuni za Kudumu, yaani zile za kuendesha vikao, hutofautiana kidogo, kwa hivyo tafuta za kaunti yako kabla ya kubishana na mtu kuhusu dakika au idadi.

Anza na Orodha ya Shughuli. Hutolewa na ofisi ya karani wa bunge kabla ya kikao, na kaunti nyingi siku hizi huiweka kwenye tovuti. Vikao kwa kawaida ni Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Baada ya sala huja mawasiliano ya Spika, ujumbe kutoka kwa gavana au Seneti, ardhilhali (maombi rasmi ya wananchi kwa bunge), hati za kuwekwa mezani, ilani za hoja, kauli, kisha hoja zenyewe na miswada.

Wengi huruka sehemu ya hati kwa sababu haina mjadala. Kiongozi wa walio wengi au mwenyekiti wa kamati husimama, hutaja jina la hati, huiwasilisha na kuketi. Lakini hapo ndipo panapopita makadirio ya bajeti, ripoti za kamati, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na taarifa za matumizi za kila robo mwaka. Hati ikishawekwa mezani ni ya umma, una haki ya kuiomba, na mara nyingi muda wa kamati kuishughulikia huanza kuhesabiwa siku hiyo. Andika jina la hati, tarehe, na kamati iliyokabidhiwa. Mambo hayo matatu ndiyo utakayoyauliza ukifika ofisini kwa karani.

Kauli na hoja watu huzipa uzito kupita kiasi. Mwakilishi wadi anapoomba kauli kuhusu kisima kilichokwama, mwenyekiti wa kamati husika huleta jibu kutoka idarani. Jibu hilo halimlazimishi mtu kujenga chochote, ila likishaingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za maneno ya bungeni, unaweza kulirejelea. Hoja nayo, hata ikipita kwa kishindo, huzaa azimio. Azimio la kuihimiza serikali ya kaunti kuweka taa za barabarani halina hata shilingi moja nyuma yake mpaka taa hizo zionekane kwenye makadirio. Mwakilishi akikuambia "nilipitisha hoja", muulize iko fungu gani la bajeti.

DadaBajeti

Asante kwa kuanzisha huu uzi, MezaniKwaKarani. Mimi naongeza kalenda, maana asiyejua tarehe hufika mlango ukiwa umeshafungwa. Hizi zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

Kufikia 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefika bungeni. Mradi usiokuwa ndani ya mpango huo utakuwa na kazi ngumu kuingia baadaye, kwa hivyo Septemba ndiyo wakati wa kudai barabara, wala si Juni.

Kufikia 28 Februari Hazina ya Kaunti inawasilisha taarifa ya sera ya fedha, ile wengi wanayoiita CFSP. Bunge lina siku 14 za kuipitisha, ikiwa na marekebisho au bila. Hii ndiyo hati ninayoomba kila mtu aisome hata akiacha nyingine zote. Ndani yake mna jedwali la vikomo vya kila idara: Afya haitazidi kiasi hiki, Maji haitazidi kile. Vikomo vikishapitishwa Machi, mjadala wa Juni unahusu kugawanya kilichomo ndani ya kila idara. Wananchi wanaojaa kwenye vikao vya maoni mwezi wa Mei kudai Kilimo iongezewe nusu ya bajeti yake wanakuwa wamechelewa kwa miezi miwili, na hakuna anayewaambia.

Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yanawasilishwa. Karani naye huwasilisha makadirio ya bunge lenyewe kufikia siku hiyohiyo, na hayo mara nyingi hayajadiliwi kabisa hadharani. Kanuni za 2015 za sheria hiyo zinasema matumizi ya bunge la kaunti yasizidi asilimia 7 ya mapato yote ya kaunti au mara mbili ya gharama ya mishahara ya bunge hilo, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Chukua kalkuleta uhakikishe.

Kufikia 30 Juni bajeti iwe imeidhinishwa na Mswada wa Matumizi ya Fedha upitishwe. Mswada wa Fedha, ule wa ada na tozo, una hadi siku 90 baada ya ule wa matumizi kupitishwa. Kwa hiyo Agosti na Septemba, wakati wengi wanadhani bajeti imekwisha, ndipo ada za soko, maegesho na vibali vya biashara zinapoamuliwa.

Kuna vipimo viwili vya kuweka pembeni mwa kila jedwali. Maendeleo yapate angalau asilimia 30 ya bajeti. Mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi hutimiza kile cha 30 kwenye karatasi kwa kukadiria mapato ya ndani kupita uwezo. Mapato yakipungua katikati ya mwaka, mishahara inalipwa kwanza na kinachokatwa ni miradi. Ndiyo maana ukurasa wa mapato ndio wa kufungua kabla ya ule wa matumizi. Linganisha makadirio ya mapato ya ndani na yaliyokusanywa kweli miaka mitatu iliyopita, utajua mapema miradi ipi itakufa.

Mkokotoaji_wa_Wadi

Dada, umesema mjadala wa Juni unahusu kugawanya tu. Lakini kamati ya bajeti huhamisha fedha nyingi sana katika ripoti yake, wakati mwingine miradi mizima inabadilishwa. Hilo linaruhusiwa?

DadaBajeti

Linaruhusiwa kwa kipimo. Sheria inasema bunge likiongeza fungu moja lipunguze jingine kwa kiasi kilekile. Likipunguza tu bila kuongeza pengine, hicho kilichookolewa kiende kupunguza nakisi. Halafu kanuni ya 37 ya zile za 2015 inaweka mpaka: mabadiliko yasizidi asilimia 1 ya kikomo cha fungu. Kwa mfano, idara yenye kikomo cha shilingi bilioni 2 inaweza kubadilishiwa hadi milioni 20. Ukiona ripoti inaondoa milioni 300 Afya na kuipeleka Barabara, hilo limevuka mpaka, na Msimamizi wa Bajeti, ambaye huidhinisha utoaji wa fedha za umma, ana sababu ya kuhoji fedha zinapoombwa.

Namna ya kuligundua: usisome ripoti kutoka mwanzo. Nenda kwenye majedwali yaliyoambatishwa mwishoni. Kutakuwa na safu ya kiasi kilichowasilishwa, safu ya mabadiliko, na safu ya kiasi kipya. Tarakimu zilizo ndani ya mabano ni zilizopunguzwa. Jumlisha mabano yote ya idara moja, kisha gawanya kwa kikomo cha CFSP. Dakika kumi zinatosha.

Tazama pia mistari isiyo na mahali. "Ukarabati wa barabara, wadi mbalimbali, milioni 80" ni mstari ambao hakuna mwananchi anayeweza kuufuatilia, na mkandarasi anaweza kulipwa mara mbili kwa kipande kimoja bila mtu kujua. Kwenye kikao cha maoni omba mistari ya aina hiyo ivunjwevunjwe: jina la barabara, inapoanzia na inapoishia, kilomita ngapi, wadi gani. Ombi la namna hiyo kamati hupata shida kulikataa kwa sababu haliongezi gharama yoyote.

MezaniKwaKarani

Nakubaliana na Dada, na niongeze bajeti ya ziada, kwa kuwa hiyo hupita kimyakimya kuliko zote. Sheria inaruhusu kaunti kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa ikiwa kiasi hakikutosha au kumezuka hitaji jipya, kisha iombe idhini ya bunge ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Jumla isizidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka huo, isipokuwa bunge liwe limeidhinisha zaidi kwa sababu maalumu.

Tatizo ni muda. Bajeti ya ziada ikiletwa mwezi wa Juni, siku chache kabla ya mwaka kufungwa, kamati hupewa hati nene Jumanne na ripoti hutakiwa Alhamisi. Maoni ya wananchi yanakuwa tangazo la siku moja. Miradi inayoondolewa hapo ni ile ambayo zabuni zake hazijatangazwa, na hakuna anayewaarifu wakazi kwamba daraja lao limegeuzwa kuwa malipo ya madeni ya wakandarasi. Ukiwa na orodha ya miradi ya wadi yako kutoka bajeti ya awali, linganisha mstari kwa mstari. Mradi ukikosekana kwenye safu mpya, umefutwa hata kama hakuna sentensi inayosema hivyo.

WakiliMtaani

Upande wa miswada, wadau. Hatua ni hizi. Mswada huchapishwa, husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina tu, kisha hukabidhiwa kamati. Kamati hukusanya maoni ya umma na kuandika ripoti. Kusomwa mara ya pili ndiko kwenye mjadala wa msingi wake. Kisha Kamati ya Bunge Lote, kisha kusomwa mara ya tatu.

Nafasi ya mwananchi ni moja kubwa: kati ya kusomwa mara ya kwanza na ripoti ya kamati. Baada ya hapo mabadiliko yanahitaji mwakilishi akubali kuyabeba kwa maandishi hadi kwa karani kabla ya Kamati ya Bunge Lote. Ukiwa kwenye roshani ya wageni utaitambua hatua hiyo bila kuambiwa: Spika anaondoka kwenye kiti chake, siwa, ile fimbo ya mamlaka ya bunge, inateremshwa kutoka juu ya meza, na wanaozungumza wanamwita anayeongoza "Mwenyekiti". Hapo wanapitia kifungu kimoja baada ya kingine kwa kasi sana. Vifungu ambavyo hakuna aliyeleta marekebisho hupitishwa kwa kutajwa namba tu. Kama hukuwa na mtu wa kubeba hoja yako, kifungu kinachokuumiza kitapita ndani ya sekunde tano.

Maoni yenyewe yaandikwe kwa namna ambayo karani wa kamati anaweza kuyanakili moja kwa moja kwenye ripoti. "Ada ziko juu, serikali itufikirie" itawekwa katika muhtasari kama "wananchi walilalamikia ada" na hapo ndipo mwisho wake. Andika hivi: jedwali gani, kipengele namba ngapi, kilivyo sasa, kiwe vipi, na sababu kwa sentensi mbili. Mfano: "Jedwali la Kwanza, kipengele cha 4, ada ya meza sokoni. Kilivyo: sh. 50 kwa siku. Kiwe: sh. 30 kwa siku. Sababu: ..." Weka jina, simu, tarehe, na udai nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huna ushahidi kwamba uliwahi kushiriki.

Ushahidi huo una kazi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liendeshe vikao vyake na vya kamati zake hadharani na kuwezesha umma kushiriki. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ada ilianguka. Tangu hapo kila kamati makini huambatisha orodha ya waliohudhuria, nakala ya tangazo la gazeti, na jedwali linaloonyesha kila oni na uamuzi wa kamati juu yake. Ripoti isiyo na jedwali hilo ina udhaifu, na ni halali kuutaja kabla mswada haujapigiwa kura.

Sokoni_Daima

Wakili, na mtu ambaye suala lake halimo kwenye mswada wowote? Tuseme choo cha soko kimefungwa mwaka mzima.

WakiliMtaani

Ardhilhali. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Ada haitozwi na si lazima uwe na wakili. Lakini nyingi hurudishwa kwa makosa ya umbo, na inasikitisha kwa sababu makosa yenyewe ni madogo.

Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kuchapwa, bila kufutwafutwa na bila maneno kuongezwa katikati ya mistari. Ielekezwe kwa bunge lenyewe, si kwa gavana. Iseme wazi juhudi zilizokwishafanywa: uliandikia idara gani, lini, ukajibiwa nini au hukujibiwa. Iseme kama jambo hilo liko mahakamani au la. Iishie kwa ombi mahususi, kwa mfano kamati izuru soko, iagize idara kueleza zilikokwenda fedha za ukarabati, na ipendekeze tarehe ya kufungua. Lugha iwe ya heshima.

Kosa linaloua ardhilhali nyingi ni saini. Watu huandika ukurasa mmoja mzuri, kisha huambatisha kurasa kumi za majina zilizochukuliwa kwenye mkutano mwingine. Kanuni za Kudumu nyingi zinataka lile ombi lenyewe liwe juu ya kila ukurasa wenye saini, ili ionekane kila aliyetia saini alijua anaomba nini. Pamoja na jina weka anwani na namba ya kitambulisho, na asiyejua kuandika atie kidole gumba mbele ya shahidi.

Karani huikagua, Spika huitangaza bungeni, kamati hukabidhiwa. Kanuni nyingi huipa kamati siku 60 kutoa ripoti. Hesabu siku hizo tangu ilipokabidhiwa na uandikie ofisi ya karani siku ya 61. Ikiwa unahitaji nakala ya ripoti na huipati, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako.

Mkokotoaji_wa_Wadi

Kuna hesabu nyingine ambayo husababisha fujo kubwa vikaoni: idadi ya kura. Watu huchanganya waliohudhuria na wajumbe wote.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiendelee, ni theluthi moja ya wajumbe wote. Bunge la wajumbe 47 linahitaji 16, kwa kuwa theluthi ni 15.67 na huwezi kuwa na kipande cha mtu. Akidi isipotimia kengele hupigwa kwa dakika zilizowekwa na kanuni. Ikishindikana, kikao huahirishwa. Mwakilishi yeyote anaweza kuinuka wakati wowote na kusema akidi haipo. Hiyo ni mbinu ya kawaida ya kuzima hoja alasiri ya Alhamisi, wengi wakiwa wameshaelekea makwao. Hoja za kawaida hupita kwa wingi wa waliopo na kupiga kura.

Kumwondoa gavana ni theluthi mbili ya wajumbe wote, hata wasiokuwapo. Hesabu ya Kericho mwaka 2024 ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya kiranja wa chama bungeni. Bunge lina wajumbe 47. Theluthi mbili ya 47 ni 31.33. Waliounga mkono hoja ya kumwondoa Gavana Erick Mutai walikuwa 31. Ilipofika Seneti mwezi wa Oktoba, pingamizi la awali lilisema idadi haikutimia, Seneti ikakubali, na mashtaka yenyewe hayakusikilizwa kabisa. Kura moja pungufu, na kazi yote ya kukusanya ushahidi ikafia mlangoni.

Meru wanajua upande mwingine. Bunge lao lilipiga kura ya kumwondoa Gavana Kawira Mwangaza Desemba 2022, likarudia Oktoba 2023, yote yakakwama Seneti. Lile la tatu, Agosti 2024, ndilo Seneti ililolithibitisha. Bunge la kaunti huleta mashtaka, uamuzi ni wa Seneti. Hoja ikipita, Spika wa kaunti ana siku 2 za kumwarifu Spika wa Seneti, naye Spika wa Seneti anaitisha kikao ndani ya siku 7. Kwa hiyo anayedhani kura ya ukumbini imemaliza kazi hajasoma kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti.

Kumwondoa waziri wa kaunti ni utaratibu tofauti, kifungu cha 40 cha sheria hiyohiyo. Hoja iungwe mkono na angalau theluthi moja ya wajumbe wote, kisha iundwe kamati teule ya watu 5 ambayo ina siku 10 kuchunguza na kuripoti. Waziri ana haki ya kufika mbele yake kujitetea. Kamati ikiona madai hayana msingi, jambo limeishia hapo. Ikiona yana msingi, bunge linapiga kura na azimio linampelekea gavana wajibu wa kumfuta. Kosa la kawaida ni kamati kumpa waziri wito jioni ili afike kesho asubuhi. Mahakama hazivumilii hilo.

KijanaWaHansadi

Na kabla hawajaondolewa huwa wameidhinishwa, jambo ambalo watu hulisahau. Mawaziri wa kaunti huteuliwa na gavana lakini ni lazima bunge liwaidhinishe, na kuna sheria ya 2017 ya uidhinishaji katika mabunge ya kaunti. Mwenye ushahidi dhidi ya mteule anauwasilisha kwa karani kabla ya siku ya mahojiano, kwa maandishi ya kiapo. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwakilishi wako hauhesabiki. Nenda kwa kamishna wa viapo, ambatisha nyaraka, peleka mapema.

Kuhusu kura, soma pia ukurasa wa saini kwenye ripoti za kamati. Wajumbe waliokubali ripoti huitia saini. Ukiona mwakilishi wako alisaini ripoti ya kupunguza fedha za wadi yake kisha akapiga kelele ukumbini dhidi yake, una karatasi ya kumuonyesha.

MezaniKwaKarani

Hapo kwenye saini pana ukweli mwingi, Kijana. Sasa niseme kuhusu ripoti za ukaguzi, maana ndizo zinazozembewa kuliko zote.

Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kufungwa, yaani hadi 31 Desemba. Bunge likishapokea ripoti lina miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti ni mbili kwa kila kaunti, ya serikali ya kaunti na ya bunge lenyewe, pamoja na zile za hazina na mashirika ya kaunti. Kamati ya Hesabu za Umma inapoketi ndipo maofisa hufika na masanduku ya vocha zilizokosekana wakati wa ukaguzi. Kamati dhaifu huzipokea, huridhika na kufuta hoja za ukaguzi. Kamati inayojua kazi yake huzikabidhi kwa wakaguzi wazihakiki kwanza, kwa sababu vocha inaweza kuandikwa leo ikawekwa tarehe ya mwaka jana. Ukiwa kwenye roshani, sikiliza kama mwenyekiti anauliza: "Mkaguzi aliiona hati hii?" Swali hilo lisipoulizwa, ripoti itakayoletwa ukumbini ni ya kusafisha tu.

Vikao hivyo huwa wazi kwa umma. Bunge haliwezi kuwafungia nje wananchi au wanahabari isipokuwa kwa hali ya kipekee ambayo Spika ameona ina sababu ya kuridhisha. Mlinzi akikuzuia, omba uamuzi wa Spika.

Sokoni_Daima

Swali la mwisho kwangu. Mswada wa Fedha ukipita, ada mpya zinaanza kutozwa siku gani? Maana askari wa kaunti huja siku ya pili na risiti za bei mpya.

WakiliMtaani

Siku ya pili ni mapema mno. Spika ana hadi siku 14 kumpelekea gavana mswada uliopitishwa. Gavana ana siku 14 kuutia saini au kuurudisha na maelezo ya asichokubaliana nacho. Asipofanya lolote ndani ya siku hizo, unahesabiwa umetiwa saini. Akiurudisha, bunge linaweza kuurekebisha kama alivyotaka, au kuupitisha tena vilevile kwa theluthi mbili, na hapo gavana hana budi kuusaini ndani ya siku 7.

Saini pekee haitoshi. Sheria ya kaunti haina nguvu mpaka ichapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali, na huanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa isipokuwa sheria yenyewe iwe imetaja tarehe nyingine. Kwa hivyo askari akija, mwombe namba na tarehe ya gazeti rasmi. Ikiwa lilichapishwa tarehe 3 Oktoba na sheria haikutaja siku ya kuanza, ada mpya ni kuanzia tarehe 17. Kabla ya hapo unalipa ya zamani na unadai risiti inayoonyesha kiasi hicho.